Picha Tano za Kijiko Kimoja

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Tukuyu)

Leo sikuja na maswali ya mtihani. Nimekuja na karatasi tano, zote zina picha ya kijiko cha chai.

Nilikuwa nachora picha za kijitabu kuhusu kuharisha kwa watoto. Paketi ya ORS ya zahanati ndiyo ya kwanza, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Lakini mtoto akianza kuhara usiku, mvua inanyesha na zahanati iko mbali, mama atengeneze maji nyumbani: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Ayaonje kwanza, yasizidi chumvi ya machozi. Aendelee kunyonyesha, na kukikucha ampeleke mtoto zahanati. Vijiko hivyo ni vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Hapo ndipo picha ilipotakiwa kusema.

Sasa, katika rangi za maji nyeupe huwa huipaki. Nyeupe ni karatasi yenyewe uliyoiacha. Basi sukari nikaiacha hivyo hivyo, nikaenda kuwaonyesha akina mama waliokaa foleni kliniki. "Mnaona nini hapa?" Mama mmoja akanijibu, "Mwanangu, si kijiko kitupu hicho?" Jamani! Nilijiona nimepewa sifuri.

Picha ya pili nikaitia sukari kivuli cha kijivu. Ikaonekana kweli, lakini imeinuka kama Mlima Rungwe. Hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mtu akiifuata kwa chumvi, mtoto ambaye tayari ameishiwa maji anaongezewa chumvi nyingi mno, na hiyo yaweza kumletea degedege, hata kumuua.

Ya tatu nikapaka kijani cha mgomba pembeni, ili weupe wa sukari utokeze. Wazo zuri, haraka mbaya. Tukuyu ya mwezi wa nne mnaijua, karatasi haikauki! Kijani kikatambaa mpaka ndani ya kijiko, kijana mmoja akasema anaona kisamvu. Ya nne niliianika jikoni karibu na moto. Itazameni ilivyojikunja.

Ya tano niliipa kila rangi usiku mzima ikauke. Nikaongeza mgongo wa kisu unaopita juu ya kijiko, sukari iliyozidi inadondoka bakulini. Nikarudi kliniki. Bibi mmoja hakusema neno, alipitisha kidole hewani kama anayesawazisha kijiko. Nilitaka kuruka kwa furaha!

Kisha akaniuliza, "Na hiyo nusu ya chumvi, mjukuu wangu, naikata wapi?"

Alinikamata. Penseli ninazo hapa, na karatasi zipo. Hebu kila mmoja anichoree nusu kijiko cha chumvi kama anavyoiona yeye, kisha ampe jirani yake aisome bila kuambiwa kitu.