Dawa Inapouwasha Mwili



Nataka kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mwasho umpatao mtu baada ya kutumia dawa za kuua vijidudu, yaani antibiotiki.

Mwaka 1928, katika hospitali moja ya London, Alexander Fleming aliona ukungu ukiua vijidudu katika kisahani. Hapo ndipo ilipotokea penisilini, ambayo tangu miaka ya 1940 imewaponya wagonjwa wengi wa kichomi na kaswende. Lakini iko miili inayoidhania dawa hiyo kuwa adui. Mara ya kwanza huipokea kimya, huku ikijiwekea silaha. Dawa ikirudi, mwili humwaga kitu kiitwacho histamini, nacho huleta mwasho na mabaka yaliyovimba. Hali hiyo ndiyo mzio. Basi mtu asiseme, "Niliitumia mwaka jana isinidhuru."

Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, aliwashwa baada ya kupigwa sindano ya penisilini. Alinyamaza, asije akaonekana mlalamishi. Baadaye akapewa amoksisilini, asijue kuwa hiyo ni ndugu ya penisilini. Usiku ule alivimba midomo, pumzi ikambana, akachukuliwa mbio hospitali. Alipona, lakini kwa taabu.

Basi tufanyeje? Ukiwashwa, usimeze kidonge kingine kabla ya kumwona daktari au mwuguzi. Nenda upesi na pakiti ya dawa mkononi. Usiitupe kwa siri, kwani ugonjwa wako bado wahitaji dawa, na huenda ukapewa nyingine. Lakini uso au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au ukizimia, usingoje hata kidogo: kifo chaweza kuja kwa dakika chache, na sindano ya adrenalini ndiyo iokoayo. Ngozi ikitoka malengelenge au kuchubuka, nayo ni hatari kubwa.

Tena, si kila mwasho ni mzio. Wengi wadhaniwao kuwa na mzio wa penisilini, wakipimwa huonekana hawana, nao hunyimwa dawa njema bure. Hukumu hiyo mwachieni daktari.

Wajibu wetu ni kujua jina la dawa iliyotudhuru, kuliandika, na kulitaja kila tuendapo kutibiwa. Wazee walinena: mficha maradhi, kifo humwumbua.