Sauti Moja Bungeni



Ndugu zangu, katika jumuiya zetu twasikia mara nyingi kisingizio hiki: “Mimi ni mmoja tu, nitafanya nini?”

Mtazameni Helen Suzman, mbunge wa upinzani Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Tangu 1961 hadi 1974 alikuwa mbunge pekee wa chama chake. Mwaka 1963 serikali ilipoleta sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila kumfikisha mahakamani, yeye peke yake aliipinga. Kura yake haikuizuia sheria hiyo.

Silaha yake ilikuwa swali. Waziri alipoulizwa bungeni alipaswa kujibu, na jibu lake likaandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Wala hakusema ya kusikia tu: mwaka 1967 alifika gereza la Robben Island, akamsikiliza Nelson Mandela, akarudi kuwatetea wafungwa.

Viongozi wa walei, nanyi nendeni mkaone kwanza, kisha ulizeni hadharani. Anayeuliza peke yake aweza kushindwa kwa kura. Anayenyamaza amekwisha kuunga mkono.