Maji ya Pangoni



Sisi tukaao Juja si wageni wa mashimo. Kule Ndarugo mawe ya kujengea yamechimbwa kwa miaka mingi, na nyumba nyingi za Nairobi zimesimama kwa mawe hayo. Kwa hiyo tulipofunga safari na Wakristo wenzetu kwenda Shimoni, kijiji cha wavuvi huko Kwale, yapata kilomita 75 kusini mwa Mombasa, wengine walinung'unika njiani: shimo ni shimo tu, nauli ya nini?

Kijiji hicho kimepata jina lake kwa pango lililo karibu na bahari, kuelekea kisiwa cha Wasini. Ni pango la mawe ya chokaa, yaliyotokana na matumbawe ya kale. Maji yameyala polepole hata yakabaki matundu na vyumba. Ukishuka ndani, jua linakuacha, na popo wanapita juu ya kichwa. Wenyeji husimulia ya kuwa katika karne ya 19 watumwa walioletwa kutoka bara walifungiwa humo, wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Kanisa letu likaanzisha Frere Town, Mombasa, mwaka 1875, kwa ajili ya waliokombolewa. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hata mwaka 1907. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Mzee wa kijiji aliyetuongoza alituonyesha mabaki ya vyuma, kisha kisima. Mama mmoja wa kundi letu akafurahi kidogo.

"Kumbe walipewa maji, mzee wangu?"

"Walipewa, mama. Maiti hauziki."

Tulinyamaza. Tulimkumbuka Yusufu, katika Mwanzo sura ya 37. Shimo lake halikuwa na maji. Ndugu zake walimtoa humo, lakini si kwa upendo. Walimtoa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakipita.

Usiku ule sisi wawili, mchungaji na mama mchungaji, hatukulala vizuri. Nyumbani kwetu Juja tulikuwa na binti wa kazi kutoka Kitui. Tulikuwa tukijisifu kwamba anakula tunachokula, ana kitanda chake, anasali nasi jioni. Lakini kitambulisho chake kilikuwa kabatini mwetu, na mshahara wake wa miezi mitano tulisema tunamwekea. Fedha zenyewe, tuseme kweli, zilikwisha kulipa karo ya watoto wetu. Jumapili alitoka kwenda kanisani tu, tena pamoja nasi. Hakulalamika hata siku moja, nasi tuliuhesabu ukimya wake kuwa shukrani. Na huyu mchungaji alikuwa amehubiri juu ya Yusufu mara nyingi!

Tuliporudi tulikopa fedha. Ilituchukua majuma mawili kuzipata zote. Jioni moja tukaziweka mezani mbele yake, pamoja na kitambulisho. Alitazama, asiguse kitu.

"Baba, nimekosa nini? Mnanifukuza?"

Hatukuwa na jibu fupi. Tulimwambia wazi kwamba kosa ni letu, kwamba fedha hizo zilikuwa zake tangu zamani nasi tukazitumia. Alizihesabu noti. Kisha akazihesabu tena, polepole, mbele yetu. Hiyo mara ya pili ilituuma, lakini alikuwa na haki.

Jumamosi alipanda basi la kwao. Hakuahidi kurudi, nasi hatukumwuliza.

Tuombe. Ee Bwana, popote alipo binti yako leo, umlinde. Amina.