Kufunika Kidonda Kilichotibiwa kwa Chembe Sahani: Tuchague Dresingi Gani, na kwa Sababu Gani



Tiba ya vidonda sugu kwa chembe sahani za damu ya mgonjwa mwenyewe inazidi kutajwa katika hospitali zetu, na mazungumzo karibu yote huishia kwenye mashine, mirija na bei. Mimi nimechagua kuzungumzia kile kinachowekwa juu ya chembe hizo. Tunamtoa mgonjwa damu, tunaizungusha, tunapata jeli au utando wenye thamani kubwa, kisha tunaufunika kwa gozi kavu inayoufyonza kabla mgonjwa hajatoka getini. Damu ile imekwenda bure, na baadaye tutasema tiba haifai.

Tuanze na kazi ya chembe zenyewe. Ndani ya kila chembe sahani mna vifuko vidogo vyenye protini zinazochochea ukuaji: huita seli za kusafisha na kujenga, huhimiza mishipa mipya ya damu, huamsha seli zinazotengeneza kolajeni. Mwaka 1986 David Knighton na wenzake wa Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya kutumia protini hizo kwa wagonjwa wenye vidonda visivyopona. Tangu hapo njia zimekuwa nyingi, lakini kwa mada yetu yatosha kutofautisha mbili. Ya kwanza ni jeli ya plazima, ambayo huamshwa kwa kalsiamu au thrombini. Jeli hii ni laini, hutiririka, na hutoa sehemu kubwa ya protini zake mapema mno, nyingi kati ya hizo katika saa ya kwanza. Ya pili ni utando wa fibrini, ambao Joseph Choukroun wa Ufaransa aliueleza mwaka 2001. Damu huzungushwa bila dawa ya kuzuia kuganda, ikajigandisha yenyewe, na wavu wa fibrini ukashika chembe na kuzitoa protini polepole kwa siku kadhaa. Jeli inahitaji kuzuiwa isikimbie. Utando unahitaji kuachwa mahali pake usichokozwe. Uchaguzi wa dresingi unaanzia hapo.

Kabla ya dresingi, hata hivyo, kuna mgonjwa. Kidonda chenye usaha na mguu uliovimba kwa maambukizi hakiwekewi chembe sahani. Mguu usio na mapigo ya damu hauwekewi pia, kwa sababu nyama isiyopata damu haitajengwa na protini yoyote. Na kidonda cha miaka mingi chenye kingo zilizoinuka, hasa juu ya kovu la moto, kikatwe kipande kipelekwe maabara kwanza. Kuchochea ukuaji juu ya saratani ni hatari ambayo hatuna ruhusa ya kuichezea. Kwa kidonda cha mguu wa kisukari, wengi hutumia kipimo rahisi: ukikisafisha vizuri, ukaondoa uzito juu yake, na baada ya wiki 4 eneo lake halijapungua kwa nusu, basi fikiria njia nyingine.

Ushahidi nao tuuseme ulivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusisha wagonjwa wa kisukari 269 katika Uingereza, Denmark na Sweden. Kila wiki wale wa kundi la tiba walitolewa mililita 18 za damu na kuwekewa kipande cha chembe nyeupe, chembe sahani na fibrini. Baada ya wiki 20 vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 34 ya waliowekewa, na asilimia 22 ya waliopata huduma ya kawaida iliyo nzuri. Hiyo ni faida ya kweli, lakini ni ya kiasi. Hata mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 unaiweka tiba hii kwa wale ambao huduma bora ya kawaida haikuwafaa, na pale tu penye uwezo wa kutoa damu mara kwa mara. Faida ya kiasi namna hii huliwa yote na dresingi mbaya.

Sasa dresingi. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha la juu la ngozi likitunzwa katika unyevu hufunikwa na ngozi mpya haraka takribani mara mbili kuliko lile lililoachwa likauke. Juu ya chembe sahani hoja hiyo ina nguvu zaidi, maana utando ukikauka unageuka gamba, na gamba halitoi kitu. Tabaka linalogusa jeli au utando liwe na sifa tatu: lisinyonye, lisigande, lisiue seli. Neti ya silikoni yenye matundu inazo zote. Shashi ya parafini, ile iliyopo karibu katika kila chumba chetu cha vidonda, inakaribia kuwa nazo, na ni nafuu. Kwa maoni yangu hospitali ya wilaya isiahirishe lolote kwa kungoja silikoni. Angalieni tu shashi hiyo isiwe ile yenye antibiotiki, kwa sababu kidonda tulichokichagua hakina maambukizi.

Povu la kunyonya na alginati ni vitu vizuri mahali pake, yaani tabaka la pili, pale majimaji yanapokuwa mengi. Vikiwekwa moja kwa moja juu ya jeli, vitaifyonza. Dresingi za kuziba kabisa zisizopitisha hewa siziafiki kwenye nyayo za wagonjwa wa kisukari, kwani maambukizi yakianza chini yake hatuyaoni mapema.

Povidoni ya ayodini, haidrojeni peroksaidi, maji ya klorini na krimu ya silva zina sumu kwa seli zile zile tunazoziita zije kujenga. Kama kidonda bado kinazihitaji, wakati wa chembe sahani haujafika. Asali nayo ina nafasi yake mapema, wakati wa kuondoa uchafu wa njano wa nyama iliyokufa. Juu ya fibrini itavuta maji na kulilainisha donge lake. Siku ya chembe sahani tusafishe kwa salaini peke yake.

Kwa vitendo: paka krimu ya zinki kwenye ngozi nzima inayozunguka kidonda, ifanye ukuta mdogo wa kuzuia jeli isitiririke na ngozi isilowe ikawa nyeupe. Laza utando uguse sakafu yote ya kidonda bila kuacha uwazi chini yake. Kata shashi ya parafini izidi kingo kidogo, kisha gozi, kisha bendeji isiyokaza. Kama kidonda kiko chini ya kidole gumba cha mguu, uzito uondolewe kwa plasta ngumu (POP) au kiatu maalumu, la sivyo kila hatua itasaga tulichoweka. Tabaka la ndani liachwe siku 5 hadi 7. Likilowa la nje, badilisha la nje pekee. Harufu mbaya, homa, maumivu mapya au wekundu unaosambaa ni sababu ya kufungua yote siku hiyo hiyo.

Wanaotumia dawa ya jeli iliyotengenezwa kiwandani yenye protini moja ya chembe sahani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, wana utaratibu mwingine. Hupakwa mara moja kwa siku chini ya gozi iliyoloweshwa salaini, huoshwa baada ya saa 12, kisha kidonda hufunikwa kwa gozi yenye unyevu bila dawa. Tusichanganye taratibu hizi mbili.

Jambo la mwisho ndilo linalotuangusha zaidi. Siku ya kufungua, mabaki ya fibrini huwa ya manjano, laini, yenye utelezi, na asiyeambiwa ataona usaha. Atachukua gozi na kuyasugua mpaka damu itoke, na pamoja nayo ataondoa nyama changa iliyoanza kuota. Mgonjwa wetu mara nyingi hafunguliwi na sisi, hufunguliwa kwenye zahanati ya kijijini kwake, na muuguzi ambaye hajawahi kuona utando huo. Kwa hiyo nawaomba: kila mgonjwa atoke na maandishi kwenye kadi yake, na kwenye bendeji yenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, yakisema tarehe ya kuweka, tarehe ya kufungua tabaka la ndani, neno "usisugue", na namba ya simu ya chumba chetu cha vidonda.