Pete za Gideoni

Somo letu ni Waamuzi 8, mstari wa 22 hadi 27.

Gideoni alipowashinda Wamidiani, watu walimwomba awatawale. Alikataa, akasema Bwana ndiye atakayewatawala. Lakini papo hapo aliwaomba pete za dhahabu walizoteka. Akafanya naivera kwa dhahabu ile, nayo ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake.

Hata kwetu yametukia. Mwaka 1953, huko Kapenguria, serikali ya kikoloni iliwahukumu watu sita kifungo. Mmoja wao alikuwa Paul Ngei, mwana wa Ukambani. Miaka mitano baadaye shahidi mkuu alikiri kwamba alihongwa aseme uongo. Sheria ilipindwa ili wafungwe.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wafungwa wakawa watawala. Jomo Kenyatta akaongoza nchi, na Ngei akawa waziri. Mwaka 1975 mahakama ilimwona Ngei ana hatia ya kosa la uchaguzi. Mara Katiba ikabadilishwa ili Rais aweze kumsamehe. Sheria iliyopindwa juu yao, sasa walipinda wao wenyewe.

Mwenzao Bildad Kaggia aliendelea kuwatetea wasio na ardhi, akapoteza cheo chake mwaka 1964. Mwaka uliofuata Kenyatta alimwuliza mbele ya mkutano, amejifanyia nini tangu watoke kifungoni? Ndugu, swali hilo ndilo pete ya Gideoni.

Hatusemi haya ili tuwahukumu marehemu. Nasi tulichaguliwa katika kamati ya mahindi ya msaada, tukaahidi kwamba wajane watapimiwa kwanza. Siku ya kugawa, madebe ya wanakamati yalitengwa mapema. Tukanyamaza, maana na letu lilikuwamo. Jioni mjane mmoja alirudi nyumbani na kiondo kitupu.

Hatukulala. Asubuhi tulimpelekea debe lile, tukamwomba radhi. Alitusamehe, lakini watoto wake walikuwa wamelala njaa, na usiku ule hatuwezi kuurudisha.

Basi yatupasa kujichunguza siku ya ushindi kuliko siku ya vita.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe pete tuliyoificha, utupe na moyo wa kuirudisha kungali mapema. Amina.