Kitasa cha Gari Letu: Kutengeneza au Kuacha?

Kwanza kabisa hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi tukiwa wamoja. Tulianza mwaka 2015, na wengi walidhani tutagawana hisa mara moja na kila mtu ashike njia yake. Kumbe bado tupo.

Tumeombwa tuseme jambo moja la kuwafaa wanakikundi wapya. Tungeweza kusoma hesabu za miaka kumi, lakini hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumechagua kuzungumza juu ya kitasa cha mlango wa gari. Msicheke jamani. Kikao kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote katika miaka hii hakikuwa cha mkopo wala cha mgawo, kilikuwa cha kitasa.

Gari lenyewe mnalijua, ile stesheni ya milango mitano. Tulilinunua kuukuu kwa fedha za mfuko wa biashara, na kazi yake kubwa ni pweza na samaki. Bamvua likifika, wenzetu wa pwani huingia mwambani maji yakitoka, na siku hizo gari halipumziki. Maji mafu yakiingia, gari hupata nafasi ya kulala.

Sasa gari linaloishi pwani lina adui wawili, chumvi na mchanga. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuuweka juu ya chuma, ndiyo maana kutu ya huku kwetu ina haraka. Mchanga nao huingia kwenye tundu la ufunguo na ndani ya mlango. Basi ikafika siku tukawa na ubovu wa namna tatu. Mlango wa nyuma wa kushoto ukawa haufunguki kwa ndani, mpaka mtu wa nje aufungue. Mlango wa buti ukawa ufunguo unaingia lakini hauzunguki, kwa hiyo haufungwi. Na mlango wa nyuma wa kulia ukawa hautii senta loki, mpaka ushushe kile kipini kwa mkono.

Tukampelekea fundi wa kwanza. Akaangalia kwa nje tu, akasema badilisheni loki zote tatu, tena mpya, shilingi 540,000 pamoja na ufundi. Akina mama, hisa yetu moja ni shilingi 2,000. Hizo ni hisa 270! Kikao kikawaka moto. Wako waliosema gari kuukuu halistahili kitu kipya, tuliache lilivyo. Wako waliosema tuliuze kabisa. Wako waliosema tuchomelee komeo kwa nje, tutie kufuli, shilingi 8,000 basi.

Tukaona tusipige kura kwa hasira. Tukajiwekea maswali, na maswali hayo ndiyo tunayotaka myabebe leo, maana yanafaa kwa gari, kwa cherehani, kwa friza na hata kwa paa la nyumba.

Swali la kwanza: ni nini hasa kilichoharibika? Mlango una vitu vingi. Kuna hendo unayovuta, kuna fimbo nyembamba zinazopeleka mvuto, kuna klipu za plastiki zinazoshika fimbo hizo, halafu kuna loki yenyewe yenye ulimi unaouma chuma cha kwenye fremu. Klipu ikikatika, mlango hugoma vilevile kama loki imekufa, na klipu ni kitu cha bei ndogo. Tena milango ya nyuma ya magari mengi ina kipini kidogo pembeni, cha kuzuia watoto wasifungue njiani. Kikisukumwa kwa bahati mbaya, mlango hautafunguka kwa ndani, na hapo hakuna ubovu wowote. Kwa hiyo tukaenda kwa fundi wa pili, tukamwambia afungue ubao wa ndani mbele yetu. Kipini cha watoto kilikuwa sawa. Klipu zilikuwa nzima. Loki ndiyo iliyoliwa na kutu, kile chuma kinachopokea mvuto wa ndani kimekatika. Hapo tukajua ugonjwa, siyo kubahatisha.

Swali la pili: tusipotengeneza, ni nini kinachopotea? Hapa tukagundua kwamba ile milango mitatu haifanani hata kidogo.

Mlango wa buti usipofungwa, kinachopotea ni mzigo. Siku ya bamvua zuri gari hubeba mali ya shilingi 200,000 na zaidi. Nayo bima yetu ni ile ndogo, inayomlipa mtu mwingine tukimletea madhara barabarani. Mzigo wetu ukiibiwa haitulipi hata senti.

Mlango wa kulia usiotii senta loki haupotezi kitu, ila dereva ananyoosha mkono na kushusha kipini. Kazi ya dakika moja.

Mlango wa kushoto ndio ulionyamazisha kikao. Sisi Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Mlango wa kushoto ndio unaomshusha mtu pembeni, kwenye majani. Ukigoma, abiria anajiburuza kutokea mlango wa kulia, yaani anashukia katikati ya barabara, kwenye bodaboda na malori, na msimu wa korosho wote mnajua malori yanavyopita hapa Mtwara. Tena gari letu hupanda kivuko kwenda Msanga Mkuu. Mnakumbuka habari ya Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliporudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye kivuko, likiwa na mama na binti yake, na wote wawili wakafa. Hatusemi kitasa ndicho kilichowaua, la hasha. Tunasema tu kwamba mtu aliye ndani ya gari juu ya maji anahitaji mlango unaomsikiliza, na ni vizuri zaidi ashuke garini kabla kivuko hakijang'oa nanga.

Palepale bibi mmoja wa Msanga Mkuu akasimama. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akasema, "Wanangu, mimi ndiye ninayekaa upande ule, maana miguu yangu haikunji vizuri. Kila safari nasubiri kufunguliwa kama tenga la dagaa. Siku gari likiwaka moto, hisa zangu mtanigawia wapi?" Hakuna aliyemjibu. Na tokea hapo hakuna aliyesema tena tuliache lilivyo, wala aliyetaja komeo la kuchomelea, kwa sababu komeo la nje lingemfungia bibi yetu mara mbili.

Swali la tatu: gari lenyewe lina thamani gani, na lina maisha gani mbele? Tulipouliza bei mjini, tuliambiwa gari kama letu lingepata kama milioni 6. Matengenezo ya shilingi 540,000 ni karibu shilingi 9 katika kila 100 ya thamani yake, hiyo ni nyingi kwa vitasa. Lakini shilingi 100,000 haifiki shilingi 2 katika kila 100. Na hata anayetaka kuuza ajue hivi: mnunuzi akikuta mlango haufunguki, hapunguzi bei ya kitasa peke yake, anapunguza na ya mashaka yake, anajiuliza kama mlango wameuacha, je, injini?

Swali la nne: kuna njia ngapi za kutengeneza? Kati ya kitu kipya na kuacha kuna njia za katikati. Tukauliza loki iliyotumika kutoka Dar es Salaam, tukaambiwa shilingi 70,000, kifurushi kwa basi 10,000, ufundi 20,000. Jumla 100,000. Ila kitu kilichotumika kinataka macho. Tulituma picha ya loki yetu kwa simu, upande wa kushoto uonekane, na soketi ya waya ionekane ina pini ngapi, maana loki ya kulia haiingii kushoto. Ilipofika tukaijaribu kabla ya kufungwa: unasukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ujifunge, halafu unavuta. Ukiruka wenyewe kwa nguvu, ni nzima. Ukirudi kwa uvivu, irudishe ilikotoka.

Swali la tano: fedha inatoka mfuko gani? Hapa hatukutaka mchezo. Mfuko wa jamii ni wa ugonjwa na misiba. Fedha za hisa ni za mikopo ya wanachama. Gari lina mfuko wake, na kila safari huweka humo. Kitasa cha gari kitalipwa na gari.

Basi tukapiga kura, na kura haikuwa ya "tutengeneze" au "tusitengeneze". Tulipiga kwa kila mlango peke yake. Mlango wa kushoto: loki iliyotumika, mara moja, shilingi 100,000, na mpaka itakapofika hakuna mtu kukaa kiti kile. Mlango wa buti: usinunuliwe kitu, fundi aufungue, asafishe mchanga na kutu, shilingi 15,000. Mlango wa kulia: uachwe, kipini kishushwe kwa mkono. Jumla shilingi 115,000 badala ya 540,000. Zilizobaki, 425,000, ziko kwenye mfuko wa gari zikisubiri matairi. Na kazi tukaipanga siku za maji mafu, ili gari likilala kwa fundi tusipoteze safari za pweza.

Zaidi ya mwaka umepita na milango yote inafanya kazi. Bibi yetu anajifungulia mwenyewe. Utaratibu tuliouweka ni huu: gari likitoka Msimbati, milango inapanguswa kwa kitambaa na maji baridi, chumvi isikae. Mara moja kwa mwezi loki inapulizwa mafuta mepesi. Tundu la ufunguo halitiwi grisi wala mafuta ya kupikia, kwa sababu hunasa mchanga. Tunatia unga wa risasi ya penseli, ule mweusi, ufunguo unateleza wenyewe.

Ndugu mgeni rasmi, sisi tunayajua mambo ya vitasa kwa kazi yetu. Sanduku letu la fedha lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa akina mama watatu tofauti, wala hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Kufuli hizo tatu ni bei ndogo sana ukilinganisha na kilichomo ndani. Hatujawahi kubishana kama zinastahili gharama, kwa sababu kila mmoja anajua hisa zake zimo. Tatizo la mlango wa gari ni kwamba wengi wetu hatukuwa tunakaa kiti kile. Kwa hiyo, wanakikundi wapya, mkiletewa gharama yoyote mezani, kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, ulizeni ni nani anayekaa upande ule. Mpeni huyo nafasi ya kusema kwanza. Halafu ndipo mchukue daftari na kalamu, mbishane mpaka senti ya mwisho, maana fedha ni zenu na haba na haba ndiyo iliyotufikisha hapa.

Tunawashukuru waume zetu na watoto wetu kwa uvumilivu siku za vikao virefu. Na nyinyi akina mama wenzetu, Mungu atujalie miaka kumi mingine.