Vijana Wetu na Shamba



Kila mwaka alizeti ikiisha kuvunwa, twawaona vijana wetu wakipanda basi kwenda Dar es Salaam. Twasema: ni wavivu, hawapendi jembe. Je, twasema kweli?

Tangu mwaka 2018 sheria yaziamuru halmashauri kutenga sehemu 10 katika 100 za mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Sehemu 4 ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini kijana aliyepata mbegu ataipanda wapi, ikiwa baba yake hajampa hata ekari moja? Wengi wetu tumewakodisha wengine mashamba, na wana wetu tumewafanya vibarua wasio na ujira.

Basi hatuna budi kutubu. Kabla ya mvua kuanza, kila mzazi na ampimie mwanawe shamba, binti naye vilevile, na mavuno yawe yake. Nanyi walimu, wafundisheni kuandika hesabu za kikundi, maana mkopo hurudishwa.

Asiye na shamba kwao, kwao ni wapi?